Nusu Mlima, Nusu Kifusi

Mtu wa Lushoto akitangaza kwamba mwaka huu anajenga banda la ng'ombe, maswali yanayomfuata yanajulikana. Bati ngapi, na za geji gani? Nguzo za mkaratusi au za tofali? Sakafu ni jamvi la zege au mawe yaliyopangwa tu? Simenti kainunua Mombo au huku huku juu? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kiwanja kimekatwa vipi. Na huko ndiko swali hilo lilikopaswa kutangulia, maana katika milima ya Usambara ardhi tambarare inatafutwa kwa tochi, na ile kidogo iliyopo mabondeni imeshikwa na kabichi, karoti na nyanya zinazosubiri lori la Dar es Salaam. Banda halipewi bonde. Linapewa mteremko, mahali ambapo hata jembe ukilisahau limelala litateleza.

Kazi ya kugeuza mteremko kuwa kiwanja haina sherehe. Watu hupiga picha siku ya kupaua, na siku ng'ombe wa kwanza anapoingizwa. Siku za sururu na koleo hazina picha, na kazi yenyewe ikifanywa vizuri inajificha: mgeni akija baada ya mwaka ataona banda limetulia mahali pake, ataamini pale palikuwa sawa tangu mwanzo. Sifa zote zitamwendea seremala.

Mimi nadhani kazi hii inampima mtu kuliko jengo lenyewe. Ukipunja mbao, jicho litaona. Ukipunja bati, mvua ya kwanza itakushitaki na utalowa wewe mwenyewe. Ukipunja udongo, unaweza kukaa masika nzima ukijisifu, na hasara inapokuja haianzi kwako. Inaanza kwa aliye chini yako.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mlima unaheshimu hesabu kuliko maneno. Chukua banda la mfugaji wa ng'ombe wawili watatu wa maziwa, lenye sehemu ya ndama, stoo ya majani na mahali pa kukamulia: mita 12 kwa mita 6. Ardhi inashuka sentimita 20 kwa kila mita moja, mteremko ambao kwa Usambara ni wa upole. Ukililaza banda ili urefu wake ukae kwenye kimo kimoja, ubavu kwa ubavu na mlima, tofauti kati ya ukingo wa juu na wa chini ni mita 1 na sentimita 20. Unakata sentimita 60 upande wa juu, unajaza sentimita 60 upande wa chini, na udongo unaouhamisha ni kama mita za ujazo 11. Sasa ligeuze banda hilo hilo, urefu wake uelekee bondeni. Tofauti inakuwa mita 2 na sentimita 40, na udongo unapanda hadi karibu mita za ujazo 22. Bati ni zile zile, ng'ombe ni wale wale. Kazi imekuwa maradufu, na kuta za udongo uliokatwa, ambazo mwanzo zilifika mapajani, sasa zinafika kifuani.

Kwa anayefanya kazi kwa mkono tofauti hiyo si ya karatasi. Toroli la kawaida hubeba kama lita 60, na udongo ukishachimbuliwa huumuka, kwa hiyo mpango wa kwanza ni zaidi ya safari 200 za toroli na wa pili ni zaidi ya 400. Mtu anaweza kujiuliza nani angechagua wa pili. Wengi wanauchagua, na sababu yao inaeleweka kibinadamu: wanataka banda litazame barabara. Wanataka apitaye aone upande wenye mlango na dirisha, si ubavu. Basi mlima unalipishwa, na mgongo wa kibarua unalipishwa, ili mpita njia apate kitu cha kutazama kwa dakika moja. Sisemi majivuno ni dhambi kubwa. Nasema mlimani yana bei, na bei yake inapimika kwa toroli.

Aliyezoea kazi hii haanzi na sururu. Anaanza na mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao mafundi wetu wanao hata wale wasiomiliki pima maji. Wanaujaza maji, wanauinua na kuugonga gonga kwa kidole hadi mapovu yote yatoke, maana povu moja likibaki ndani kipimo chote ni uongo. Mmoja anashika ncha kwenye kigingi cha juu, mwingine anashuka na ncha ya pili. Wanangoja maji yatulie. Hapo unasikia maneno machache tu: teremsha, pandisha, hapo hapo, weka alama. Kazi hiyo inaweza kuchukua asubuhi nzima na mwisho wake huoni kitu isipokuwa vigingi vyenye alama za mkaa na kamba iliyovutwa. Mwenye nyumba anayelipa kibarua kwa siku huanza kukohoa kidogo.

Kinachofuata ni udongo mweusi wa juu. Huu hauwi kifusi. Una mizizi, majani yaliyooza, na uhai. Ukiufukia chini ya sakafu utaendelea kuoza na kunywea, na mwisho wake ni uwazi chini ya zege. Unakwanguliwa wote, eneo la kukatwa na la kujazwa, ukawekwa kando kama mali. Baadaye utarudishwa kwenye kingo za kiwanja ili majani yaote, au utapelekwa kwenye bustani ya mboga. Nimeona watu wakiumwaga bondeni kwa haraka ya kufikia udongo mwekundu. Udongo ule mlima uliutengeneza polepole sana, na wao wameutupa kabla ya chai ya saa nne.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wasio wa milimani hawalijui, au wanalijua na kulipuuza. Kifusi hakimwagwi juu ya mteremko ulivyo. Mteremko wenyewe unakatwa ngazi kwanza, vidato vipana vya kutosha kusimama, ili udongo mpya upate mahali pa kukalia. Usipokata ngazi, unachofanya ni kulaza tabaka moja juu ya lingine kwenye mwinamo, na kati yao unaacha njia laini ambayo maji yataitafuta na kuipata. Baada ya ngazi ndiyo kifusi kinaingia, kidogo kidogo, tabaka lisilozidi sentimita 15 au 20, na kila tabaka linashindiliwa hadi gogo la kushindilia lianze kuruka badala ya kuzama. Udongo usiwe vumbi, usiwe tope. Fumbata konzi moja: ukifungua kiganja ushikane, ukiuangusha upasuke vipande. Hakuna mashine inayohitajika kwa kipimo hicho, ila kinahitaji mtu anayejali kuinama na kukirudia kila tabaka.

Hapa ndipo tabia ya mtu inapoingia. Vibarua wengi wa kuchimba hulipwa kwa kazi nzima, si kwa siku. Wanapatana bei, na wakimaliza mapema wanapata nafasi ya kwenda kwingine. Kwa malipo ya namna hiyo kushindilia ni hasara tupu: sentimita 60 za kifusi zinaweza kumwagwa zote kwa mkupuo, zikakanyagwa kanyagwa juu, zikamwagiwa maji kidogo, na kiwanja kikaonekana sawasawa na kile kilichoshindiliwa mara nne. Mwenye banda naye, mara nyingi, hayupo. Yuko Tanga, yuko Dar, anatuma pesa kwa simu na kuomba picha. Anatumiwa picha. Picha inaonyesha uwanja mwekundu, tambarare, wa kupendeza. Anatuma pesa nyingine ya zege.

Tukimlaumu kibarua peke yake tutakuwa tumeonea. Aliyelipa kwa macho amepewa cha macho. Kama kweli unataka tabaka lile la chini kabisa, ambalo hutaliona tena maisha yako yote, lifanywe kwa haki, basi mlipe mtu kwa ajili ya tabaka hilo, na uwepo linapofanywa, au umuweke mtu ambaye ungemuachia hata watoto wako. Uaminifu unaotakiwa hapa ni wa mahali pasipoonekana, na uaminifu wa namna hiyo haununuliwi kwa bei ya chini kuliko zote.

Ufa huja masika ya pili, au ya tatu. Unakatiza jamvi kwa urefu, karibu katikati, na haupindi pindi sana. Anayeufahamu mlima akiutazama anajua mara moja: hapo ndipo mlima unapoishia na kifusi kinapoanza. Nusu ya juu ya sakafu imelala juu ya ardhi iliyokuwepo kabla ya babu zetu, haijasogea hata unywele. Nusu ya chini imelala juu ya kazi ya watu, nayo imekaa chini kidogo, labda sentimita mbili, labda tano. Mkojo wa ng'ombe unaingia ufani, unalainisha kifusi, ufa unapanuka. Ng'ombe mwenyewe anajua kabla ya mwenye banda: anaanza kusimama upande wa juu tu. Methali inamlaumu asiyeziba ufa. Mafundi wa milimani wangependa, nadhani, alaumiwe kwanza asiyeshindilia, maana ufa wa namna hii ukiuziba kwa simenti leo, mwakani unafunguka pale pale.

Vitabu vitakatifu vinavyosomwa katika milima hii, ambako msikiti na kanisa la Kilutheri huweza kusikilizana adhana na kengele, vyote viwili vimeligusa jambo hili. Mfano wa Yesu wa mjenzi mwenye busara watu wengi wanaukumbuka kwa mwamba na mchanga. Lakini katika Injili ya Luka, sura ya 6, kuna jambo ambalo Mathayo hakulitaja: mtu yule alichimba, akaenda chini sana, ndipo akaufikia mwamba. Hakubahatika kuzaliwa juu ya mwamba. Aliutafuta kwa jembe. Na Qurani, katika Sura ya At-Tawba, aya ya 109, inamweka mbele yetu mjenzi aliyesimamisha jengo ukingoni mwa genge linalomomonyoka, likaporomoka pamoja naye. Aya hiyo inazungumzia nia ya waliojenga kuliko udongo. Hata hivyo sikuona ajabu kwamba nia imesemwa kwa lugha ya ardhi. Aliyewahi kuweka kifusi kwenye mteremko anaelewa haraka kwamba mambo hayo mawili hayako mbali.

Baada ya kushindilia, wenye hekima hungoja. Sijui neno zuri zaidi la kumwambia mtu ambaye tayari ameshapata bati. Kiwanja kilichokatwa baada ya masika, kwenye miezi ya baridi na ukavu, kikiachwa kipigwe na mvua za vuli kabla ya kumwagwa zege, kitakuonyesha udhaifu wake bure: mahali patakapobonyea utapaona, utaongeza udongo, utashindilia tena. Kikimwagiwa zege wiki ile ile, udhaifu utajificha hadi siku itakapogharimu. Lakini mtaji una haraka zake. Mkopo wa kikundi unadai marejesho kila mwezi, ndama amekwisha lipiwa, na mbao zikikaa nje zinaibwa. Kwa hiyo sisemi kila mtu asubiri msimu mzima, wapo wasioweza. Nasema anayeweza kungoja na hangoji asimsingizie mlima.

Mpaka hapa tumesema udongo. Maji ndiyo jambo zito zaidi.

Mteremko kabla ya kukatwa una utaratibu wake. Mvua inaponyesha, nyingine inazama kwenye majani na mizizi, nyingine inatiririka, na kwa miaka mingi imejitafutia njia ambazo mlima umezizoea. Ukikata kiwanja umeuvunja utaratibu huo. Maji yanayotoka juu sasa yanaangukia ukuta wa udongo ulioachwa wazi, yanajikusanya nyuma ya banda, yanazama kwenye msingi. Ndiyo maana mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa kiwanja huchimbwa kabla ya kiwanja chenyewe, ukiwa na mwinamo mdogo tu wa kuyapeleka maji pembeni bila kuyakimbiza. Ndiyo maana pia ukuta wa mawe wa kushikilia udongo huachiwa matundu: ukiuziba kabisa kwa simenti ili upendeze, maji yatajazana nyuma yake na kuusukuma hadi uinamie mbele. Mawe makavu yaliyopangwa na mzee anayejua kupanga huweza kudumu kuliko ukuta wa simenti uliojengwa na kijana asiyejua maji yanataka nini.

Na paa? Paa lile la mita za mraba 72, achilia mbali sehemu ya kutokeza, likinyeshewa milimita 50 kwa siku moja, jambo ambalo masika halishangazi, linakusanya lita 3,600. Jana maji hayo yalizama kwenye majani, tone hapa tone pale. Leo yanashuka kwa pamoja kutoka kwenye ukingo mmoja wa bati, yakiangukia kifusi kipya. Tangi la lita 5,000 lingeyameza na kumpa ng'ombe cha kunywa kwa siku kadhaa, na mfugaji asingemtuma mtoto mtoni. Anayenunua bati bila kununua mfereji wa bati ameamua, bila kusema, kwamba maji hayo ni ya mtu mwingine.

Mama mmoja mfugaji ninayemfahamu, mjane, alipotaka kukata kiwanja cha banda, kabla ya kuita vibarua alishuka kwa jirani wa chini. Jirani ni kijana wa rika la wanawe, analima maharage na viazi, na kisima chake kidogo kiko pembeni mwa shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

Wakasalimiana kwa urefu, maana huko huwezi kurukia jambo. Halafu akasema, "Nimekuja kwa ajili ya maji. Nataka kuchimba kiwanja pale juu ya migomba. Nionyeshe maji yangu yakishuka unataka yapite wapi."

Yule kijana alinyamaza kidogo. Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa. Kisha wakapanda pamoja hadi mpakani, akaonyesha kwa mguu: hapa hapana, hapa kuna maharage, kule kwenye matete, yapite kule, nami nitachimba upande wangu yaendelee hadi korongoni. Wakakubaliana pia kuhusu mkojo na samadi, maana kisima kilikuwa mashakani. Shimo la samadi likasogezwa upande wa pili, mbali na kisima, na kingo zote za kifusi zikapandwa majani ya Guatemala, ambayo huko watu huyatumia kushikilia udongo na kulishia ng'ombe kwa wakati mmoja.

Jambo lile halikuchukua hata saa nzima. Sijaona sehemu ya kazi ya ujenzi yenye faida zaidi kwa gharama ndogo kiasi hicho. Kesi ngapi zimejaa kwa wenyeviti wa vitongoji na kwenye mabaraza, za mtu kumshitaki mtu kwa mfereji, kwa tope lililofunika miche, kwa maji ya zizi yaliyoingia kisimani? Nyingi kati yake si ubaya wa moyo. Ni mtu aliyesawazisha ardhi yake akadhani mambo yake yanaishia penye masale ya mpaka.

Ridhaa kama ile ya mjane na jirani yake, badala ya amri, ina historia, na Usambara inaijua. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, baadaye ukapanuliwa. Wataalamu waliona kweli: udongo ulikuwa unashuka mitoni. Dawa yao ilikuwa amri. Watu wakalazimishwa kuchimba matuta mashambani mwao, na asiyechimba akaadhibiwa. Mzigo ulikuwa mkubwa, hasa kwa wanawake, na watu wakaupinga kwa miaka hadi mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Katika milima ya Uluguru yalitokea hayo hayo, kwa ukali zaidi: matuta ya ngazi yalilazimishwa kwenye miteremko ambayo udongo wake wa rutuba ni mwembamba, yakachimbua udongo wa chini usiozaa kitu, na mwaka 1955 kukazuka ghasia. Matuta yakabaki na jina baya kwa kizazi kizima.

Ajabu ni kwamba wakati huo huo, kusini huko Mbinga, Wamatengo walikuwa wanachimba miteremko mikali bila kusukumwa na mtu. Kilimo chao cha ngoro kinaanza kwa kulaza majani yaliyofyekwa katika mistari inayokatizana, kazi ya wanaume. Kisha wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kufukia majani kwa udongo huo, hadi mlima mzima unakuwa mashimo yanayopokea mvua na kuizuia isikimbie. Ni kazi ngumu. Nao wameifanya vizazi na vizazi. Sururu ni ile ile, jasho ni lile lile. Kilichotofautiana ni nani aliyeamua, na kwa faida ya nani.

Ninaleta habari hizo kwa sababu wako wanaotaka mambo haya ya viwanja yamalizwe kwa sheria. Sheria zipo na nyingine ni nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na kwenye vyanzo vya maji, na mtu anayeweka zizi juu ya chemchemi ya kijiji hastahili kuonewa huruma. Lakini hakuna afisa atakayesimama juu ya kila tabaka la kifusi, wala atakayejua maji ya paa la fulani yanaangukia maharage ya nani. Hayo yanabaki kwa watu wenyewe, na kazi yao ikifanywa kwa kuogopa bwana shamba peke yake itafanywa upande unaoonekana kutoka barabarani.

Tusiupambe mlima kupita kiasi, pia. Mlima si mwalimu mpole. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Hakuna mfereji wa koleo ambao ungezuia jambo la ukubwa ule, na itakuwa ukatili kuwaambia waliofiwa kwamba tatizo ni kushindilia. Ila maafa ya aina hiyo yanatukumbusha kwamba iko miteremko isiyofaa kukatwa kabisa: penye chemchemi zinazotokeza ghafla wakati wa masika, penye miti iliyopinda shina kuelekea bondeni kwa sababu ardhi chini yake inatembea polepole, penye ufa wa zamani juu ya mlima uliofunikwa na majani. Kukiacha kiwanja kama hicho, hata kama ndicho pekee ulichorithi, ni uamuzi mgumu. Nimewaona walioufanya wakachekwa, wakaitwa waoga, wakajenga banda dogo zaidi mahali pengine.

Udogo huo wenyewe si aibu. Banda la mita 4 kwa upana linakata mteremko kidogo sana kuliko la mita 6, na ukihitaji nafasi zaidi unalirefusha kufuata kimo cha mlima, au unajenga mawili, moja juu ya jingine kwa vidato. Hapo mteremko unaanza kukutumikia. Sakafu inayoinama sentimita 2 au 3 kwa kila mita inajisafisha kwa ndoo chache za maji. Samadi inashuka yenyewe hadi shimoni, na kutoka shimoni hadi kwenye mabingobingo, bila kubebwa kichwani. Mfugaji wa nyikani, kule kwenye ardhi sawa, analipa vibarua kwa kazi ambayo mlimani inafanywa na mwinamo peke yake, usiku na mchana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unakusudia kujenga mteremkoni mwaka huu, fedha ya kwanza usiipeleke kwenye bati. Itenge kwa ajili ya mpira wa maji, mfereji wa juu, mawe, majani ya kupanda kingoni, na siku za ziada za kumlipa mtu anayeshindilia tabaka baada ya tabaka ukiwepo. Anza masika ikikatika. Ukiweza, acha vuli ipite juu ya kifusi kabla ya zege. Na kabla ya yote hayo, nenda kwa jirani wa chini, umuulize maji yapite wapi. Akikuambia hapana, sikiliza sababu yake kabla ya kumwonyesha hati yako.